Safari ya Thelujini: Wasia kwa Wazazi Wenye Watoto Ughaibuni



Kila Mwislamu wa pwani yetu ameisikia theluji ikitajwa, ijapokuwa hajaiona kwa macho. Katika swala ya maiti, miongoni mwa dua alizotufundisha Mtume wetu Muhammad (SAW), tunamwombea marehemu aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Twayasema maneno hayo Mombasa, Malindi na Lamu, jua la kaskazi likituchoma visogoni, kisha twalichukua jeneza na kwenda zetu makaburini. Neno tumelipokea pamoja na dini. Kitu chenyewe kiko mbali nasi, na kilicho karibu kabisa ni kile kinachong'aa juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Lakini watoto wetu wamehamia huko iliko. Wako Toronto, Minneapolis, London na Oslo, kwa masomo na kwa kazi, na sisi tuliobaki nyumbani tunawaamrisha mambo kwa simu kama kwamba wako mtaa wa pili. Tunaandika makala haya tukiwa wazazi tuliokosea, ili mzazi mwingine asikosee kama sisi.

Usiku mmoja usiosahaulika

Misimu miwili ya baridi iliyopita, mzee wetu mmoja alifariki Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Binti yetu anakaa Toronto, umbali wa kilomita 450 hivi. Tulimpigia simu baada ya Isha. Kwake ilikuwa adhuhuri, kwani msimu huo saa zetu na zao hupishana kwa saa 8. Tukamwambia aingie garini aende akatuwakilishe, maziko ni kesho yake.

Akatujibu kwa adabu, "Baba, wametangaza dhoruba ya theluji. Wanasema tusitoke ila kwa dharura."

Nasi tukamwambia, "Mwanangu, theluji si ni maji tu? Ukoo mzima utauliza mbona hakuna mtu wa kwetu mazikoni."

Akasema, "Haya, Baba. Niombeeni dua." Akatii. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo, kwamba alitii.

Saa saba usiku simu ikalia. Gari lilikuwa limeteleza, limetoka barabara kuu ya 401 na kutumbukia mtaroni mbele ya mji wa Kingston. Hakuumia, Alhamdulillah, lakini giza lilikuwa limekwisha kuingia, theluji inaanguka kwa mshazari, na magari ya msaada yalikuwa yamezidiwa na wito. Tulikaa kitako sebuleni, sote wawili, simu katikati yetu, wala hatukuthubutu kumpigia mara kwa mara tusije tukammalizia chaji. Tuliswali Alfajiri bila kujua hali yake. Jua lilipokuwa linachomoza ndipo alipotupigia kutwambia kuwa amefikiwa. Alikuwa amekaa ndani ya lile gari saa 5. Mazikoni hakufika.

Aliyemwokoa, kwa idhini ya Allah (SW), ni bibi mmoja wa Kikanada anayefanya kazi naye. Bibi huyo alimlazimisha mwanzoni mwa msimu kuweka vitu fulani garini na kumweleza la kufanya akikwama. Sisi wazazi wake tulimpa amri. Mtu baki ndiye aliyempa elimu. Tangu siku hiyo tumejifunza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Baridi ni kitu gani

Mombasa, hata katika miezi ya kusi, usiku wa baridi kwetu ni nyuzi 20 hivi, nasi tunatafuta shuka nzito. Minneapolis, usiku wa Januari waweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Upepo ukiongezeka hali hubadilika kabisa. Baridi na upepo vikichanganyika mpaka mwili ukahisi nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda katika muda wa nusu saa. Vinavyotangulia ni ncha za vidole, masikio, pua na mashavu. Dalili zake ni kufa ganzi na ngozi kupoteza rangi yake. Mahali palipoganda hapasuguliwi, wala hapawekwi kwenye moto au maji ya moto sana. Huloweshwa katika maji ya vuguvugu, na daktari hutafutwa.

Hatari kubwa zaidi ni mwili mzima kupoteza joto. Mtu hutetemeka, kisha ulimi huwa mzito, mawazo humchanganyika na usingizi humjia. Akiacha kutetemeka ilhali bado yuko baridini, asidhaniwe amepata nafuu. Mwili umeshindwa, na hapo ni hospitali bila kuchelewa.

Kinga yake ni mavazi ya tabaka kwa tabaka, wala si koti moja zito. Tabaka la ndani livute jasho, la kati liwe la sufi, la nje lizuie upepo na maji. Pamba, tunayoipenda sisi watu wa joto, haifai kugusa mwili, kwani hunywa jasho na kukaa na umajimaji unaoiba joto. Binti anayevaa buibui apandishe pindo kidogo na avae buti ndefu na suruali nzito ndani, maana pindo linaloburura thelujini hulowa na kisha huganda. Ushungi una faida yake, kwani tayari umefunika masikio. Akiongeza skafu ya sufi juu yake amekamilika. Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja hutia joto kuliko zinazovitenga.

Kuhusu kutembea, watu wetu wana elimu wasiyoijua kuwa wanayo. Aliyewahi kupita juu ya mwamba wenye mwani maji yakitoka, anajua kupiga hatua fupi, kukanyaga kwa unyayo mzima na kuitoa mikono mifukoni. Juu ya barafu ni vivyo hivyo.

Gari na barabara

Adui wa dereva si theluji nyeupe anayoiona, bali ni barafu nyembamba inayopitisha rangi ya lami, hata barabara ikaonekana imelowa tu. Hukaa sana juu ya madaraja, kwa sababu daraja hupigwa na upepo juu na chini, likaganda kabla ya barabara nyingine. Serikali za huko humwaga chumvi ili kuyeyusha barafu, lakini baridi ikizidi mno chumvi nayo hushindwa.

Tairi za kawaida hukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, zikapoteza mshiko. Kwa hiyo kuna tairi maalumu za baridi. Katika jimbo la Quebec ni sheria kuzifunga kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Mzazi anayemtumia mwanawe fedha, au anayetumiwa fedha na mwanawe, na aulize kwanza kama tairi hizo zimenunuliwa. Sisi hatukuuliza. Kumbe mwaka ule binti yetu alikuwa ameahirisha kuzinunua ili atutumie gharama za harusi ya nduguye.

Dereva asafishe theluji yote, kioo, taa na paa, asijichungulie kitundu kama mtu anayechungulia dirishani. Aende pole, aache nafasi kubwa mbele yake, akanyage breki taratibu. Gari likianza kuteleza, aondoe mguu kwenye mafuta na aelekeze usukani kule anakotaka kwenda, bila papara. Wahenga wetu walisema mwenda pole hajikwai, na huko msemo huo ni sheria ya uhai.

Ndani ya gari ziwepo blanketi, beleshi, tochi, mchanga wa kumwaga chini ya tairi, maji, tende, na chaja ya simu, maana baridi humaliza betri upesi. Tangi lisishuke chini ya nusu. Akikwama, asiliache gari akaanza kutembea, kwa kuwa ndani ya dhoruba mtu hupotea hatua chache tu kutoka alipo, na gari huonekana upesi kuliko mtu. Awashe injini dakika 10 hivi katika kila saa, na kabla ya kuiwasha ashuke aondoe theluji kwenye bomba la kutolea moshi. Bomba likizibwa, moshi hurudi ndani na kuleta gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu usingizini. Hili ndilo alilofundishwa binti yetu na yule bibi. Alishuka mara nne usiku ule kulizibua bomba kwa mikono.

Tusidhani haya ni ya kutishana. Desemba 2022 dhoruba iliupiga mji wa Buffalo, Marekani, mpakani mwa Kanada, na watu zaidi ya 40 wakafa katika mji huo na viunga vyake. Baadhi yao walikutwa ndani ya magari, wengine nje kwenye theluji, wengine majumbani mwao. Wengi wao walikuwa wakaazi walioizoea baridi hiyo.

Dini imetangulia

Tulipowasimulia masheikh wetu yaliyotupata, walituonyesha kwamba sharia imeitazama baridi kwa uzito ambao sisi hatukuupa.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Umar (RA) aliadhini usiku wa baridi na upepo, kisha akawatangazia watu waswali majumbani mwao, na akasimulia kuwa Mtume (SAW) alikuwa akimwamuru mwadhini kutangaza hivyo usiku wa baridi au wa mvua. Ikiwa mtu hupewa udhuru wa kutokwenda msikitini, nyumba ya Allah, vipi sisi tumnyime udhuru wa kutosafiri kilomita 450?

Na katika Abu Dawud imo habari ya Amr bin Al-As (RA) katika vita vya Dhatus-Salasil. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia akikoga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (SAW) alipomuuliza, alitoa hoja kwa aya inayotukataza kujiua. Mtume akacheka, wala hakumlaumu. Wanazuoni wameweka masharti ya jambo hili, na mwenye nyumba yenye maji moto hana udhuru huo. Lakini mafunzo yake yako wazi, kwamba roho ina haki yake.

Mtoto wa ughaibuni na azijue rukhsa zake. Akivaa khuffu zinazofunika vifundo vya miguu baada ya udhu kamili, anaweza kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mkaazi kwa mchana na usiku wake, msafiri kwa siku 3 na nyusiku zake. Wengi huvaa khuffu za ngozi ndani ya buti, ili wakivua buti mlangoni mwa msikiti khuffu zibaki. Kuhusu soksi za kawaida kuna tafsili, aulize. Msafiri wa masafa marefu ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza swala, na rukhsa hii humwondolea dereva haraka. Toronto katika siku fupi za Desemba mchana ni saa 9 hivi, na Magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja kasorobo jioni. Asiyepanga swala zake atajikuta akikimbiza jua juu ya barafu.

Na lile lililotusukuma sisi, maziko, lilikuwa na njia yake pia. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, maiti aliye mji mwingine huswaliwa swala ya ghaibu. Binti yetu angeweza kumswalia mzee wetu papo hapo Toronto, akapiga simu ya taazia, na wajibu wake kwa jamaa ukatimia.

Nahodha anayesubiri

Babu zetu waliokuwa na majahazi walilijua hili. Kusi linapokuwa kali bahari ilikuwa kama imefungwa, chombo kikapandishwa pwani, kikatiwa kalafati, na nahodha akakaa barazani. Hakuna aliyemwita mwoga. Mwenye mali alisubiri, na mke alisubiri. Aliyelaumiwa ni yule aliyetoka ilhali dalili ameziona, akawapoteza watu.

Basi wazazi wenzetu, mtoto akikwambieni njia imefungwa, msadikini. Msimlinganishe na wa jirani, wala msimpe neno la ukoo limsukume. Mjibuni, "Kaa nyumbani, mwanangu, tutakusemea." Maneno hayo ni mafupi, nasi tumeyajua kwa kukesha usiku kucha.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Desemba, binti yetu alituletea picha ya tairi mpya. Mama yake aliitazama muda mrefu kuliko alivyozitazama picha za harusi.

Tunamwomba Allah (SW) awahifadhi watoto wetu walioko mbali, barabarani na majumbani, na awarejeshe kwetu salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.