Sadaka ya marehemu na nauli ya mtoto mgonjwa

Saratani ya damu inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu sisi wa Pwani tukiitwa kuchangia mgonjwa huwa twafikiria operesheni moja, harambee moja, basi.

Shirika la Afya Duniani lakadiria watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Si dawa pekee inayoleta tofauti hiyo. Wako wanaofikishwa hospitali wamechelewa, na wako wanaoanza matibabu wakaacha njiani. Bima ikilipa dawa na kitanda, nani atamlipia mama wa Lamu nauli ya basi, chakula chake mwenyewe, na unga wa watoto aliowaachia nyanya yao?

Hapo ndipo mashirika ya ukumbusho yanapoingia. Mfano ninaoupenda ni wa Marekani. Alexandra Scott aliugua saratani ya neva kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 2000, akiwa na miaka minne, aliweka meza nje ya nyumba yao akauza maji ya ndimu, zikapatikana dola 2,000 za kuwasaidia madaktari. Alifariki Agosti 2004, ana miaka minane, na zaidi ya dola milioni 1 zilikuwa zimeshachangwa. Wazazi wake wakaanzisha Alex's Lemonade Stand Foundation. Fedha nyingi huenda kwenye utafiti, lakini upo mfuko wa usafiri kwa familia zinazofuata matibabu mbali, na mpango wa ndugu wa mgonjwa. Hili la ndugu limenigusa. Katika nyumba yenye mgonjwa, mtoto mzima ndiye husahaulika.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Ni sadaka jaria, na wakfu tumeukuta kwa wazee wetu: misikiti, visima, mashamba. Sina ugomvi na pilau ya khitma (naila, tena kwa hamu). Lakini familia yenye uwezo ingeshindwa nini kutenga nusu ya gharama ile iwe mfuko wa nauli kwa jina la marehemu wao?

Kazi yenyewe si ngumu. Zungumzeni na afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, yeye ajua nani amekosa kurudi kliniki. Tiketi ilipwe kwenye ofisi ya basi, kodi ya chumba kwa mwenye nyumba. Chukueni watoto wawili mpaka wamalize dawa, msichukue ishirini kwa mwezi mmoja, kwa kuwa matibabu yakikatizwa ugonjwa hurudi. Na daftari lisomwe hadharani kila mwaka, shilingi kwa shilingi, hata kama mweka hazina ni mwana wa marehemu.