Sheria ya Kongo, Ukiitazama Kutoka Walikale

Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea mahakama za mtindo wa Kiingereza, ambapo wakili hujenga hoja kwa kesi zilizokwisha kuamuliwa na majaji wa zamani. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mambo ni tofauti. Huko jaji huanza na kifungu cha sheria iliyoandikwa, na maandishi hayo yana asili ya Ubelgiji, ambayo nayo ilirithi sheria za Napoleon. Dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotolewa enzi za Mfalme Leopold II, inatumika mpaka leo. Japani nayo, katika miaka hiyohiyo, ilijifunza sheria kwa Wafaransa na Wajerumani; ila Wajapani walichagua wenyewe, wakaandika kwa Kijapani. Wakongo hawakuulizwa. Sheria zao bado huandikwa kwa Kifaransa, ingawa Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha za taifa.

Nenda sasa Walikale, teritwari ya misitu na barabara mbovu, inayochukua zaidi ya theluthi moja ya jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Mzozo mkubwa ni ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya serikali. Mashamba yanayomilikiwa kimila yangewekewa utaratibu wake kwa amri ya rais, lakini miongo ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo mkulima aliyepewa shamba na mwami, yaani chifu wa kimila, akalima yeye na wanawe, anaweza kukutana na mgeni mwenye hati kutoka ofisini. Nani mwenye haki? Kwa mila ni mkulima. Kwa karatasi ni mgeni. Naamini utata huu umewasha ugomvi mwingi, hasa katika teritwari jirani ya Masisi.

Sheria ya 2013 ilipanga upya mahakama, kuanzia tribinali ya amani, iliyo ngazi ya chini, hadi mahakama ya kasasioni, iliyo ya juu kabisa, na ikaziondoa mahakama za kimila kila mahali tribinali ya amani inapofunguliwa. Hata hivyo, mwanakijiji wa msituni bado humwendea mzee wa kijiji, kwa kuwa jaji yuko mbali.

Kwa uhalifu wa kivita, mara nyingi mahakama inayosikiliza ni ya kijeshi. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, wapiganaji waliwabaka mamia ya watu Luvungi na vijiji jirani vya Walikale. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la wanamgambo wa Mai-Mai lililoshiriki mashambulizi hayo, ilitolewa 2011, lakini hakujisalimisha mpaka 2017. Tarehe 23 Novemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Akina mama wa Luvungi walisubiri miaka 10. Kinshasa iwapelekee majaji wa kukaa karibu nao, na iwaandikie sheria kwa Kiswahili.