Titi Jipya Hupangwa Kabla ya Kisu

Mwanamke aliyeambiwa kuwa amerithi hitilafu kwenye jeni ya BRCA1 si mgonjwa. Anakwenda kazini, analea, matiti yake hayana uvimbe wala maumivu. Lakini majibu aliyopewa yanabeba hesabu nzito: kati ya wanawake 100 wenye hitilafu hiyo, takriban 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Kwa jeni ya BRCA2 ni kama 69. Kwa wanawake wa Marekani kwa ujumla, idadi hiyo ni 13 hivi.

Hapo ndipo baadhi yao huamua kutolewa matiti yote mawili wakiwa bado wazima. Mwigizaji Angelina Jolie, ambaye mama yake alifariki kwa saratani akiwa na miaka 56, alieleza uamuzi wake katika gazeti la New York Times mwezi Mei 2013, na tangu hapo jambo hili limejulikana hata mitaani kwetu. Upasuaji huo hupunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi. Hauimalizi, kwa sababu hakuna daktari awezaye kutoa kila chembe ya titi iliyojibanza chini ya ngozi au kuelekea kwapani.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu. Utafiti mkubwa uliofanyika Nigeria chini ya Profesa Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta hitilafu za BRCA1 kwa asilimia 7 ya wanawake waliokuwa na saratani ya matiti, na za BRCA2 kwa asilimia 4 hivi. Jeni hizi tunazo. Tusichokuwa nacho cha kutosha ni vipimo, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki anayevitaka hulipa kutoka mfukoni mwake.

Linalonisumbua ni hili: mwanamke hutumia miezi akijadili kama atolewe matiti au asitolewe, kisha suala la kujengewa upya huulizwa wiki ya mwisho, tena kwa haraka, kana kwamba ni urembo. Si urembo. Daktari wa upasuaji rekebishi anatakiwa kumwona mgonjwa kabla siku ya upasuaji haijapangwa, kwa sababu mahali pa kupitisha chale, ngozi kiasi gani ibaki na kama chuchu itapona, yote huamuliwa katika operesheni ile ile ya kwanza. Ngozi ikishakatwa na kutupwa hairudi.

Aliye mzima ana nafasi ambayo mwenye saratani mara nyingi hana. Hakuna uvimbe unaolazimisha kukata ngozi, kwa kawaida hatapigwa mionzi, na hakuna wa kumkimbiza. Kwa hiyo daktari anaweza kupitisha chale kwenye mkunjo wa chini ya titi, akatoa nyama yote ya ndani na kuacha ngozi pamoja na chuchu, kama foronya iliyotolewa pamba. Ugumu ni damu. Ngozi inayobaki ni nyembamba, na hulishwa na vijishipa vidogo mno. Ukivuta sigara, au kama una kisukari kisichodhibitiwa, sehemu yake inaweza kufa na kugeuka nyeusi. Mwenye matiti makubwa yaliyolala huweza kushauriwa apunguzwe matiti na kunyanyuliwa chuchu kwanza, asubiri miezi kadhaa mpaka mishipa izoee, ndipo atolewe nyama ya ndani.

Na aambiwe waziwazi, kabla hajasaini fomu: chuchu itabaki, lakini maziwa hayatatoka, na hisia kwa sehemu kubwa zitapotea. Wapo wanaorudiwa na hisia kidogo baada ya mwaka au miaka miwili. Wengi hubaki na ganzi. Wapo walioungua kifua kwa chupa ya maji ya moto bila kujua. Anayetaka kuzaa na kunyonyesha kwanza ana haki ya kusubiri, huku akifuatiliwa kwa MRI ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25 na mamogramu kuanzia miaka 30. Kusubiri kwa namna hiyo si uzembe.

Njia nyepesi ya kujenga ni silikoni. Mara nyingine huwekwa siku hiyo hiyo. Mara nyingine hutangulia kipanuzi, mfuko mtupu unaowekwa kifuani, kisha kila baada ya wiki moja au mbili mgonjwa hurudi kliniki. Daktari hupitisha sumaku juu ya ngozi kutafuta mdomo wa mfuko, huchoma sindano, huingiza maji ya chumvi kidogo kidogo. Kifua hukaza siku mbili tatu, kisha hulegea. Ngozi ikishatanuka vya kutosha, mfuko hutolewa na silikoni huingia.

Silikoni haidumu maisha yote. Mwili hujenga utando kuizunguka, na utando huo ukikaza, titi huwa gumu na kuuma. Aliyewekewa akiwa na miaka 35 ajue kwamba huenda akarudi mezani zaidi ya mara moja. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha MRI au ultrasaundi miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila miaka miwili au mitatu, kwa sababu silikoni inaweza kupasuka kimyakimya. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan, kwa ombi la FDA, iliondoa sokoni duniani kote silikoni zake za BIOCELL zenye ngozi ya kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu. Uliza aina, uliza jina, na kadi yenye namba ya silikoni uliyowekewa itunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Jambo jingine la kuuliza, na sijui kwa nini wagonjwa hawaambiwi mapema: kushikilia silikoni mahali pake, madaktari wengi hutumia kitambaa kilichotengenezwa kwa ngozi iliyosafishwa chembe zote. Kipo cha ngozi ya binadamu aliyefariki, cha ng'ombe, na cha nguruwe. Kwa mgonjwa Mwislamu hili si dogo, na mbadala upo. Lizungumzwe mapema, lisisubiri chumba cha upasuaji.

Njia ya pili ni kujenga kwa nyama ya mwili wenyewe. Inayosifiwa zaidi leo huchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu bila kukata msuli wa tumbo. Robert Allen wa New Orleans ndiye aliyeianzisha kwa matiti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyama hiyo hukatwa kabisa, ikapelekwa kifuani, na mishipa yake yenye upana wa milimita mbili au tatu huungwa na mishipa ya kifua, chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kwa matiti mawili ni kazi ya siku nzima. Usiku wa kwanza nesi huja kila saa: anatazama rangi, anagusa kama pana joto, anaweka kifaa kidogo kinachotoa sauti ya damu inayopita. Sauti ikififia, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji usiku huo huo. Katika vituo vyenye uzoefu, nyama kufa yote hutokea kwa wachache, chini ya watano kwa mia.

Titi la namna hii ni laini, lina joto, hunenepa na kukonda pamoja na mwenyewe. Lakini tumbo hutumika mara moja tu. Mwembamba sana hana mafuta ya kutosha. Kovu la kujifungua kwa upasuaji kwa kawaida si kizuizi. Kupunguzwa tumbo ni kizuizi.

Kwa ngozi zetu nyeusi, makovu yanaweza kuota keloidi. Aliye na keloidi ya sikio au ya chanjo ya begani amwoneshe daktari kabla, ili chale ifichwe inapowezekana na matibabu yapangwe mapema.

Na ipo njia ya tatu, kifua bapa kilichoshonwa vizuri, bila mikunjo ya ngozi iliyobaki. Upasuaji mmoja, kupona haraka, hakuna cha kubadilisha baadaye. Ni chaguo kamili. Daktari anayemsukuma mwanamke ajengewe kwa sababu ya mume au ya watu watasemaje anaingilia yasiyomhusu.

Mwisho, kuhusu ovari. Upasuaji wa matiti hauzigusi, na hitilafu ile ile huzitishia. Tofauti na titi, ovari haina kipimo kizuri cha kugundua saratani mapema, kwa hiyo mwenye BRCA1 hushauriwa azitoe kati ya miaka 35 na 40 akishamaliza kuzaa, na mwenye BRCA2 kati ya 40 na 45. Tarehe ya matiti ipangwe ukijua na hiyo. Na kaka zako nao wapimwe, kwa sababu mwanamume mwenye hitilafu anaweza kumrithisha binti yake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, sawasawa na mama.