Siku Kuu za Mataifa, na Pumziko la Watu

Ninyi walimu mfundishao watoto lugha ya Kiingereza, katika vitabu vya masomo hayo hamkosi kuona maneno haya: "public holiday", "bank holiday" na "long weekend". Mtoto huyakariri upesi, lakini akiulizwa, Kwa nini siku kuu iitwe ya benki? hunyamaza. Mwezi huu tumeona vema kueleza asili yake, maana neno lisilojulikana asili yake ni kama mgeni aketiye barazani bila kuulizwa atokako. Tena ndani ya habari hizi mna jambo liwapasalo watu wa nyumba za Kikristo.

Kwanza neno "holiday" lenyewe. Ni maneno mawili ya kale yaliyoungana, nayo maana yake ni siku takatifu. Zamani siku za kuacha kazi katika Uingereza zilikuwa hasa Jumapili na siku za Kanisa. Hata Benki ya Uingereza iliyoko London ilikuwa ikifunga milango siku 33 hivi kila mwaka, nyingi zikiwa za kuwakumbuka watakatifu. Lakini mwaka 1834 siku hizo zilipunguzwa, zikabaki nne tu. Wakati huo viwanda vilikuwa vimeenea, na mashine haina uchovu. Kwa hiyo mwenye mashine alisahau upesi kwamba mwenye mikono anao. Mwaka 1850 ilitolewa sheria ya viwanda vya nguo, kwamba wanawake na vijana waachwe waende zao saa nane mchana siku ya Jumamosi. Nusu siku hiyo, pamoja na Jumapili, ndiyo mbegu ya ile iitwayo leo "weekend", yaani mwisho wa juma.

Kisha alitokea mtu mmoja katika Bunge, Sir John Lubbock. Kazi yake ilikuwa ya benki, na tena alikuwa mwanachuoni aliyechunguza maisha ya nyuki na chungu, hata akaandika kitabu juu yao. Huyo aliyeijua bidii ya chungu ndiye aliyewaombea watu pumziko. Mwaka 1871 sheria yake ilikubaliwa, ikaongeza siku nne katika Uingereza: Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na siku ya 26 Desemba. Njia yake ilikuwa ya busara. Sheria ilisema kwamba siku hizo benki zifungwe, wala mtu asilazimishwe kulipa deni mpaka kesho yake. Basi benki ikifungwa, mfanya biashara atalipaje, naye atalipwaje? Akafunga duka, na kiwanda kikafunga. Ndiyo sababu ya jina "bank holiday". Watu wa kazi walifurahi mno, hata kwa mzaha wakaiita ile Jumatatu ya Agosti siku ya Mtakatifu Lubbock.

Angalieni kwamba tatu katika nne hizo ni Jumatatu. Jumatatu ikishikana na Jumapili, mtu apata nafasi ya kusafiri na kurudi. Ndiyo iitwayo "long weekend", mwisho wa juma ulio mrefu. Ile siku ya 26 Desemba yaitwa "Boxing Day" hata katika kalenda za Tanzania, na wanafunzi wengi hudhani ni siku ya kupigana ngumi. Sivyo. "Box" hapo ni sanduku, yaani zawadi ya Krismasi waliyopewa watumishi na wachukuzi wa barua, wale ambao wengine wakila wao walikuwa kazini.

Walakini kila jambo jema lina gharama yake. Pentekoste huhama mwaka hata mwaka pamoja na Pasaka, na wenye shule na biashara wapenda siku isiyohama. Kwa sheria ya mwaka 1971 Waingereza waliiacha Jumatatu ya Pentekoste, wakaweka mahali pake Jumatatu ya mwisho ya Mei. Pumziko likabaki, jina la Pentekoste likaondoka katika orodha.

Wamarekani walifanya vivyo hivyo, tena zaidi. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuhamishia siku kuu kadhaa Jumatatu, ili jamaa walio mbali wapate kuonana. Ikaanza kutumika mwaka 1971. George Washington alizaliwa tarehe 22 Februari, na siku yake ikawekwa Jumatatu ya tatu ya mwezi huo. Hesabuni wenyewe: Jumatatu ya tatu haiwezi kupita tarehe 21. Basi siku ya kuzaliwa kwake haiangukii kamwe siku aliyozaliwa! Hilo walilivumilia. Lakini siku ya askari wa zamani ilipoondolewa tarehe 11 Novemba na kupelekwa Oktoba, askari hawakukubali, maana ni tarehe 11 Novemba 1918, saa tano ya asubuhi, mizinga ya vita ile kuu ilipolazwa kimya. Majimbo mengi yalikataa kuifuata sheria, na tangu mwaka 1978 siku ile ikarudishwa mahali pake. Twaona basi kwamba watu huweza kubadilishana siku na raha, lakini si kila ukumbusho wauzwa kwa bei hiyo.

Wafaransa nao wana usemi wao. Siku kuu ikiwa Alhamisi, kama ile ya Kupaa Bwana, wengi huiacha na kazi ya Ijumaa pia, na kufanya hivyo huita kujenga daraja. Tena mwezi wa Agosti wengi huenda likizo. Mwaka 2003, mwezi huo huo, joto kali lilishuka juu ya nchi, na karibu watu 15,000 walikufa kwa ajili yake, wengi wao wazee. Wako waliokufa peke yao katika vyumba vya mijini, jamaa zao wakiwa mbali. Taifa likaona huzuni na aibu. Mwaka 2004 ikatolewa sheria kwamba kila mtu wa kazi afanye kazi siku moja zaidi kwa mwaka bila ujira, na fedha ya siku hiyo iwasaidie wazee na vilema. Siku iliyowekwa kwanza ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste. Tangu mwaka 2008 kila mahali pa kazi waweza kuchagua siku nyingine.

Enyi walimu, mkifundisha, waonyesheni watoto kwamba Mwingereza husema "holiday" hata kwa likizo ndefu, na Mmarekani huiita "vacation". Mwingereza husema "at the weekend", na Mmarekani "on the weekend". Wao wenyewe waandike kwa Kiingereza habari za siku kuu moja ya kwetu, na nani alifanya kazi gani siku hiyo.

Jibu la swali hilo la mwisho na lisomwe nyumbani pia. Maana katika nyumba zetu nyingi siku kuu ndiyo siku mama aamkayo kabla ya jogoo: maji, kuni, pilau, wageni, vyombo. Msichana wa kazi halali mpaka usiku wa manane. Bibi mzee ameachwa shamba, tumemtumia salamu tu. Amri ya Sabato haikumtaja bwana wa nyumba peke yake. Iliwataja mtumwa na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Basi siku kuu ijayo wavulana na wachote maji, baba na aoshe sufuria, msichana apewe siku yake aende kwao, na mmoja wetu apande gari amtazame bibi. Ndipo siku itakapokuwa takatifu kama jina lake. Mungu awe nanyi.