Masisi na Walikale: Simu ya bei ndogo inaweza kukugharimu mara mbili

Muulize mkaaji wa Masisi ao wa Walikale simu gani ni nzuri: hataanza na kamera, ataanza na betri. Katika vijiji vingi vya wilaya hizi mbili za Kivu ya Kaskazini hakuna laini ya umeme. Simu inapelekwa kwa mwenye paneli ya jua, na kila kushariji kunalipiwa. Simu inayozimika saa sita mchana inakula franga kila siku, hata kama dukani iliuzwa kwa bei ndogo.

Na simu si ya kupiga picha tu. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, baada ya M23 kuingia mjini, ndiyo imekuwa mfuko wa pesa wa familia nyingi. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo njia ya kupokea msaada wa ndugu, kulipa shehena ya maharagwe ao kutuma karo. Kwa waliokimbia vita, ndimo habari za jamaa zinamopitia. Ikikwama, nyumba nzima inakwama.

Sanduku linasema 8, ndani ni 4

Lawama ya kwanza ya watumiaji ni uzito. Simu mpya inakimbia vizuri miezi ya mwanzo, kisha WhatsApp inachukua muda mrefu kufunguka na sauti zinakataa kusikika. Sababu mara nyingi ni memwari. Simu nyingi za bei ya chini zinatumia Android Go, aina nyepesi ya Android iliyoanza 2017 kwa ajili ya simu zenye memwari ndogo ya kazi. Tangu Android 13, ya mwaka 2022, hata aina hiyo nyepesi inadai angalau giga 2.

Tena sanduku linadanganya macho. Pakiandikwa "giga 8", soma maandishi madogo: pengine ni 4 za kweli na 4 zilizoazimwa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha. Za kuazima haziendi mbio kama za kweli. Simu za bandia zinazidi hapo, zinaonyesha giga ambazo hazimo kabisa. Mbele ya kulipa, bonyeza *#06# na ulinganishe namba inayotokea na ile ya sanduku. Kisha jaza video chache na uone kama zinafunguka.

Mpya ao okazi?

Hapa maoni yanagawanyika. Wengine wanapenda Samsung ya okazi kutoka Goma ao Kisangani, kwa sababu programu zake zinaenda vizuri kuliko za simu mpya ya bei ileile. Wengine wanachagua Tecno, itel ao Infinix, zote tatu za kampuni moja ya China, Transsion, kwa sababu betri ni mpya na fundi wa sokoni hakosi kioo chake. Simu ambayo kioo chake hakipatikani Mubi ao Masisi-centre, ikivunjika inageuka kioo cha kujitazamia.

Anayenunua okazi aangalie pia umri wa programu. Oktoba 2023, WhatsApp ilianza kudai Android 5.0 kwenda juu. Mwaka 2025 iliacha pia zile simu za vitufe za KaiOS. Simu nzima, lakini haiongei tena na watu.

Mega zinazoondoka bila kuaga

Kwa kuwa mega ni ghali, vijana wanagawiana programu kwa Xender. Ni msaada, lakini WhatsApp iliyogeuzwa na mtu usiyemjua ni hatari kwenye simu yenye pesa. Tena zima usasishaji wa programu wa peke yake katika Play Store. La sivyo forfe ya wiki inaisha usiku mmoja. Na usilipie 5G mahali ambapo hata 3G ni ya kupandia kilima.

Ndiyo maana wengi wanabeba mbili: Android kwa WhatsApp, na simu ndogo ya vitufe kwa kuita na kutuma pesa. Hii ndogo inakaa siku kadhaa bila kushariji, ina tochi na redio, na ikinyang'anywa njiani hasara ni ndogo.

Jambo moja linabaki kuuma. Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, inatoa tantali inayoingia ndani ya simu za dunia nzima. Bati la Bisie, wilayani Walikale, linatumika kuunganisha vipande vyake. Rubaya imekuwa mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Madini yanashuka mlima kwa mgongo wa mchimbaji, kisha yanamrudilia yakiwa simu ambayo lazima ahesabu franga zake mara mbili kabla ya kuinunua. Basi azihesabu vizuri: betri kwanza, memwari ya kweli pili, kioo kinachopatikana tatu. Kamera itakuja nyuma.