Fahamu: Jinsi sumu ya kolera inavyoingia ndani ya seli

Kolera, yaani kipindupindu, hurudi mara kwa mara Kalemie na Moba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Bakteria wake hubaki nje ya seli za utumbo; kinachoingia ni sumu yao. Inapitaje?

Utando unaochagua

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye protini zinazopokea virutubisho na ishara. Seli huchagua zipi za kuvuta ndani: utando hubonyea, hujikunja, kisha hukatika na kuwa kifuko kidogo. Mara nyingi protini iitwayo klathrini ndiyo hukipa kifuko umbo.

Ndani, protini hupangwa

Baadhi ya protini zilizovutwa ndani hurudishwa kwenye utando zitumike tena. Nyingine hupelekwa kwenye lisosomu, sehemu ya seli ya kuvunjia vitu, na kuvunjwavunjwa. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi seli zinavyoingiza kolesteroli kwa njia hii ya vifuko.

Sumu hupitaje?

Sumu ya kolera hunasa kwenye mafuta ya utando yaitwayo GM1, kisha huvutwa ndani. Hukwepa kuvunjwa, na kipande chake huilazimisha seli kumwaga chumvi na maji. Ndiyo sababu mgonjwa huharisha sana.

Kwa nini ni muhimu kujua hili?

Protini nyingine ya utando, inayofyonza sukari pamoja na sodiamu, huendelea kufanya kazi hata wakati huo. ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, huitumia kurudisha maji mwilini. Mgonjwa aanze kuinywa mara moja, huku akipelekwa kituo cha afya bila kuchelewa.