Maumivu yasiyoua hayana wa kuyauliza

Mgonjwa wa saratani anayehudumiwa na Hospisi ya Meru, hospisi ya Embu-Mbeere au kitengo cha tibashufaa cha Hospitali ya Methodist ya Maua hutarajiwa kuulizwa maswali ambayo wagonjwa wengi wa kaunti za Meru na Embu hawajawahi kuyasikia. Haulizwi panapouma tu. Huulizwa kama analala, nani anamtafutia chakula, usiku anaogopa nini, na kama kuomba bado kunampa nguvu. Desturi hiyo haikuzuka katika vilima vya Nyambene. Ilitoka kwa Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ni mzigo wenye pande nne: mwili, akili, watu wa mgonjwa, na roho yake. Anayetuliza upande mmoja na kuziacha tatu atarudi kesho kuukuta ule wa kwanza umelemewa upya. Ni elimu kubwa, na iko hapa kwetu tayari. Kinachonishangaza ni kwamba imefungiwa mlangoni pa kifo. Mwenye mgongo unaouma mwaka wa saba, ambao hautamuua, hana wa kumuuliza lolote kati ya hayo, na ninaamini hapo ndipo tunapomkosesha nafasi ya kupona.

Angalia anavyopokelewa. Mchumaji wa majani chai anayepeleka mavuno yake yapimwe kwa ajili ya kiwanda cha Githongo au cha Rukuriri hulipwa kwa kilo, kwa hiyo huvumilia hadi mwili ugome, ndipo aende zahanati. Atadungwa sindano ya diclofenac, na atajisikia vizuri kwa siku mbili. Akirudi atapimwa ugonjwa wa brusela, kwa kipimo ambacho toleo lake la haraka lilichunguzwa na watafiti magharibi mwa Kenya na, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, likabainika kutangaza ugonjwa kwa watu wengi wasiokuwa nao. Basi atameza dawa za brusela. Viungo vikiendelea kuuma, zitachangwa pesa za picha, na picha itakuja na hukumu: mifupa imesagika, diski imetoka, mgongo umekwisha. Akifika nyumbani atakutana na hukumu ya pili, ya majirani, kwamba mama zetu walibeba kuni kutoka msituni na hawakulalamika. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyiwa wanawake Wakikuyu na Waluo, ukionyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu za ziada. Wakikuyu hubeba kwa kamba ipitayo kipajini, kama Wameru na Waembu. Tumejivunia ustadi huo, na ni haki yetu. Lakini kilichopimwa siku hiyo ni pumzi. Shingo haikuulizwa.

Hukumu ya picha ndiyo ninayotaka kuikalia kidogo, kwa sababu imebeba uzito mkubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu wasioumwa kabisa. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80, asilimia 96. Maana yake ni kwamba diski kuchakaa, mara nyingi, ni sawa na nywele kuota mvi: inaonekana, ni ya kweli, na haielezi kwa nini huyu anaumwa na jirani yake mwenye picha ileile analima hadi jioni. Wataalamu huyaita maumivu sugu yanapopita miezi 3, muda ambao majeraha mengi ya nyama na kano huwa yamekwisha kupona. Yakiendelea baada ya hapo, mara nyingi kilichobadilika ni neva na ubongo wenyewe. Vimezoea kupiga king'ora, hata kwa mguso mdogo, kama mbwa aliyewahi kuibiwa kuku mbele ya macho yake akaanza kubweka kila jani linapoanguka. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unayatambua maumivu ya namna hii kuwa ugonjwa unaojitegemea.

Sasa mtu ambaye king'ora chake kimezidi unyeti umwambie mgongo wake umekwisha. Ataacha kuinama. Ataacha kwenda kanisani kwa sababu ya benchi, ataacha chama kwa sababu ya matatu. Misuli isiyotumika hudhoofu, na mwili uliodhoofu huumia kwa kazi ndogo, na kila uchungu mpya unathibitisha hukumu ya daktari. Ndiyo maana nasema kukata tamaa hakuji mwishoni, baada ya maumivu kumaliza kazi yake. Kumo ndani ya moto tangu mapema, kunachochea. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wenye maumivu sugu wako katika hatari ya kujitoa uhai takriban maradufu ya wengine. Na hapa Kenya tuliongeza kufuli juu ya mlango. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai tangu enzi za mkoloni, hadi Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Mgonjwa aliyejua kwamba kusema "nimechoka kuishi" kunaweza kumfikisha kituo cha polisi alisema "mgongo unaniuma" na kunyamaza. Kufuli limevunjwa mahakamani. Sina hakika habari hizo zimewafikia wazee wa Igembe au Mbeere.

Kwamba watu hupona, hilo lina ushahidi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyiwa watu 151 wenye maumivu ya mgongo huko Marekani. Kundi moja lilipewa wiki 4 za mazungumzo yaliyolenga kuwafundisha kwamba mgongo wao haukuwa hatarini na kuwazoesha tena miendo waliyoiogopa. Asilimia 66 walibaki bila maumivu au karibu bila maumivu, wakati waliodungwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 20, na walioendelea na matibabu yao ya kawaida asilimia 10. Msomaji wa Runyenjes atauliza, na ni haki yake: hao ni Wamarekani wenye mtaalamu na kiti laini, sisi tunahusika vipi? Jibu langu ni la nusu. Jaribio hilo lenyewe halijafanywa kwenye mashamba ya chai, na asilimia 66 nisingeiahidi mtu. Lakini viungani mwa Nairobi wahudumu wa kawaida wa jamii, wasio na shahada ya saikolojia, walifunzwa kuendesha vikao 5 vya kuwasaidia wanawake wenye msongo mkubwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona nafuu. Kazi ya kumwondolea mtu hofu haihitaji kiti laini.

"Kwa hiyo unasema maumivu yetu yako kichwani?" Hili ndilo pingamizi linalouma zaidi, kwa sababu wagonjwa wengi wamekwisha kutukanwa hivyo. Hapana. Maumivu yote, hata ya kidole kilichokatwa na panga, hukamilika kwenye ubongo, na hayapungui ukweli kwa hilo. Upo pia upande wa pili wa pingamizi, wa madaktari, nao hauna mzaha: mgongo unaouma unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyosambaa, au mfupa uliovunjika alipoanguka mtu kutoka kwenye mmiraa. Anayepungua uzito, mwenye homa za usiku, miguu inayokufa ganzi au mkojo usiozuilika anahitaji hospitali leo, na mazungumzo yasubiri. Kinachonisumbua ni kwamba tukishahakikisha hana hayo, tunamwambia "huna kitu" na kumwita wa pili kwenye foleni.

Pingamizi la umaskini ndilo nisiloweza kulimaliza. Hakuna maneno yatakayopunguza uzito wa gunia, na kumwambia anayelipwa kwa kilo apumzike kila baada ya nusu saa ni kumwambia ale kidogo. Nakubali. Ila tuone tofauti kati ya kupumzika na kugawa. Mwenye maumivu sugu kwa kawaida hufanya kazi ya siku tatu katika siku moja aliyojisikia vizuri, kisha hulala nne. Kuchuma kiasi kilekile kila siku, hata kiwe kidogo kuliko cha zamani, humfaa kuliko kitanda. Na ndani ya nyumba kuna ugawaji usiohitaji hela: maji yanaweza kuchotwa na mabega ya wanaume pia. Mila haikuandika popote kwamba mtungi una jinsia, au kama iliandika, mkokoteni wa punda ulikwisha kuifuta.

Nikisema tuchukue elimu ya hospisi, sisemi tuchukue na chupa yake ya mofini. Wanaoihitaji kwa saratani wasinyimwe hata tone. Lakini Marekani, baada ya OxyContin, kidonge cha jamii ya mofini, kuingia sokoni mwaka 1996, iliwapa wenye migongo dawa za jamii hiyo kwa mkono mkunjufu, na makaburi yanashuhudia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi dawa hizo, wala mikanda ya kiuno inayopangwa madukani. Unapendekeza elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia. Sisi shida yetu bado ni ndogo na ya bei rahisi, diclofenac na Brufen za kila siku kutoka kemisti, zinazochimba vidonda tumboni na kuumiza figo polepole.

Nani basi aulize? Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, na mizani. Wanaingia nyumba ambazo daktari wa Hospitali ya Level 5 ya Embu hatazifikia maishani. Kuna dodoso fupi la maumivu lenye maswali 3 tu: wiki hii umeumwa kiasi gani, maumivu yamekunyima furaha kiasi gani, yamekuzuia kufanya nini. Yapo mengine 2 ya kuchungulia unyogovu. Matano hayo yanaulizika kabla chai haijapoa jikoni. Lakini mzee wa Tigania hatasema ukweli wa usiku wake kwa Kiswahili cha fomu, wala nyanya wa Siakago. Yaandikwe kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere, na kabla ya kuchapishwa yasomwe kwa sauti mbele ya watu wanaoumwa, wao waseme ni neno gani wanalotumia wanapokuwa peke yao.